Mchuzi wa Samaki wa Mgiriki

Lakiri ilipobanduliwa mlangoni, Gérard Mugaruka alisikia harufu kabla hajaona kitu. Haikuwa kali. Ilikuwa nyembamba, kama ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya ndoo, lakini mtu aliyepika samaki maisha yake yote hawezi kuidanganya pua yake mwenyewe. Alisimama kizingitini akamwacha Citoyen Lwaboshi, yaani mwananchi, kama watu walivyoamriwa kuitana, atangulie kuingia, kwa maana tangu wiki ile ghala na jiko na kila kitu kilichomo vilikuwa vya Lwaboshi.

Serikali ilikuwa imechukua biashara za wageni na kuwagawia wananchi. Mgiriki aliyejenga mgahawa ule ukingoni mwa ziwa, pale La Botte mjini Bukavu, aliondoka na masanduku mawili na mbwa wake. Nyuma yake ikaja kamati ya kuandika viti na sahani, na ilipomaliza ikafunga ghala kwa kamba na lakiri nyekundu. Kabla ya kufunga, mmoja wa kamati, kijana mwenye bidii, alizima swichi kubwa ili mtu asije akaiba umeme wa taifa. Ndani ya ghala mlikuwa na kongelateri, sanduku kubwa jeupe la barafu, limejaa samaki na kamba wa baharini ambao Mgiriki alikuwa akiletewa kwa ndege. Hakuna aliyefikiria. Gérard alikwenda mara mbili kuomba swichi iwashwe, na mara zote mbili aliambiwa kwamba lakiri ya serikali haiguswi na mpishi.

Lwaboshi aliinua kifuniko. Maji ya kijivu yalikuwa yamejaa chini, na samaki walilala ndani yake laini kama nguo zilizolowekwa.

"Washa umeme," alisema.

"Citoyen Patron," Gérard alisema polepole, "hii samaki ilishakufa."

"Samaki yote ya kongelateri ilishakufa, Citoyen Mugaruka. Ulishaona yenye kuogelea humu?"

Wenzake Lwaboshi wawili, waliovaa abakosti mpya, yale makoti ya serikali yasiyovaliwa na tai, walicheka. Gérard naye alitabasamu kidogo, kwa adabu.

"Nasema imekufa mara ya pili. Ilitoka mu barafu."

"Itarudia mu barafu. Mwaga hii maji, washa umeme. Kesho itakuwa nguvu kama jiwe. Barafu iko barafu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake samaki walikuwa wagumu kama mawe, wameng'aa, na mtu asiyejua angewasifu.

Siku ya tatu Lwaboshi alimwita Gérard kwenye meza iliyokuwa ya Mgiriki. Alikuwa ameahidi karamu Jumapili kwa wakubwa wa mji, kufungua mgahawa kwa jina lake jipya. Aliwaahidi samaki wa bahari.

"Patron, alfajiri bavuvi banaleta tilapia mpaka hapa chini. Ingali inapiga mukia. Niwapikie ile."

"Ziwa banakula kila siku. Mimi nimewaambia bahari." Lwaboshi alitazama mlango, kisha akashusha sauti. "Mayoneze na siagi vilienda na Mugiriki. Sasa tuko batu ba authenticité, ba asili yetu. Samaki ya bahari, muchuzi ya kwetu. Wewe chagua muchuzi yenye nguvu. Unanisikia? Yenye nguvu."

Gérard alimsikia.

"Wewe na familia yako munalala mu bwayeri yangu," Lwaboshi aliendelea, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba mvua inanyesha. "Sikufukuzi. Dimanche ikipita muzuri, unabaki na kazi na nyumba. Ikipita mubaya, iko ndugu yangu mupishi. Alipikia basoda mu kambi ya jeshi. Basoda hapana chagua."

*

Bwayeri ilikuwa nyumba ya watumishi, vyumba viwili vya matofali nyuma ya mgahawa. Humo Gérard na mkewe Madeleine walimlea binti yao Sophie, na humo Madeleine alitarajia kuzaa tena, kwani mimba yake ilikuwa na miezi minne. Watoto wengine wawili walizikwa Cimpunda, kwenye ule mlima wa nyumba zilizobanana ambako maji ya mvua huingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Madeleine alikuwa ameapa kwamba huyu wa sasa hatazaliwa Cimpunda.

Jioni ile alikuwa akichambua mboga ya lenga-lenga mlangoni. Gérard alikaa kwenye gogo mbele yake, akazungukazunguka na maneno.

"Mama Sophie, kama mutu anataka muchuzi yenye nguvu kwa samaki, unaweza kupika nini?"

Madeleine hakuinua uso. "Nguvu ya nini?"

"Nguvu tu. Yenye kufunika."

Mikono yake ilisimama. Alizaliwa Idjwi, kisiwa kile kikubwa kilicho katikati ya ziwa, katika nyumba ambayo samaki alipikwa kwa maji na chumvi na kuletwa mezani uchi, macho yake meupe yakimtazama mlaji. Kwao mtu akikuletea samaki aliyevikwa mchuzi, unamshukuru, halafu unamgeuza upande wa pili kwa kidole.

"Papa Sophie," alisema, "samaki muzuri haiombi nguo. Hii yenu iko na nini?"

Gérard akamwambia. Alimwambia yote, swichi, maji ya kijivu, barafu ya pili, na alipomaliza alikuwa akitazama kucha zake.

"Ni yule Isidore?" Madeleine aliuliza. Hilo ndilo lilikuwa jina la Lwaboshi kabla ya serikali kukataza majina ya ubatizo. "Isidore ule alikuwa anakuja ku mulango ya nyuma kukuomba mifupa ya kuku, eti iko ya imbwa, na hana imbwa?"

"Usiseme kwa nguvu."

"Naye ndiye anasema barafu iko barafu."

"Ndiye mwenye nyumba sasa."

Upande wa pili wa ukuta Sophie alikuwa akikariri somo lake la shule ya masista, kwa Kifaransa, akirudia sentensi moja mpaka ikalainika mdomoni.

"Na kama mutu atakufa?" Madeleine aliuliza.

"Haiue. Inaharisha tu."

"Unajua?"

Gérard alitaka kusema ndiyo. Alikuwa mtu mwenye midomo mizito kwa uongo. "Sijui," alisema.

Madeleine aliokota lenga-lenga moja iliyoanguka, akaipangusa vumbi, akairudisha kikapuni. "Kesho ulete kipande," alisema. "Tutajaribu."

Watu wengi wema wa mji ule walifanya mambo madogo ya aibu mwaka ule. Hakuna aliyewauliza walikuwa wakilinda nini.

*

Gérard alileta vipande vitatu, amevifunga ndani ya jani la mgomba kama mwizi. Madeleine alimtuma Sophie kuchota maji mbali, akawasha majiko mawili ya makaa, akaanza.

Wa kwanza ulikuwa mchuzi aliokuwa akiupenda Mgiriki mwenyewe, siagi na limau. Lwaboshi alikuwa ameukataa, lakini ilibaki siagi kidogo chini ya kopo na Gérard alitaka kujua. Aliumwaga juu ya kipande cha kwanza, akamsogezea mkewe. Mwanamke mwenye mimba ana pua ya mbwa. Kwa hiyo pua ya Madeleine ndiyo iliyokuwa mizani yao. Aliinama, akanyanyuka haraka.

"Limau inamusafisha," alisema. "Inamusafisha mpaka harufu inaonekana muzuri zaidi. Kama mutoto mwenye vidonda umemwogesha."

Wa pili ulikuwa wa nyanya, vitunguu na majani ya seleri, umechemshwa mpaka ukawa mzito. Huo ulikuwa mzuri. Madeleine alinusa mara mbili, akatikisa kichwa kwamba unafaa, na Gérard akaachia pumzi. Lakini walipongoja kidogo na mchuzi ukapoa, harufu ile nyembamba ikachomoza tena katikati ya seleri, taratibu, kama mgeni aliyejificha nyuma ya mlango akidhani wenyeji wamelala.

"Bakubwa banachelewa siku yote," Madeleine alisema. "Watakuta imepoa."

Kwa mchuzi wa tatu Madeleine alifikiri kwanza. Alichukua mafuta ya mawese, akayaacha yawake mpaka yakatoa moshi. Akatia vitunguu, karanga zilizosagwa, pilipili nyingi. Akanusa. Bado. Alikaa akitazama sufuria, halafu akaenda chumbani akarudi na ndagala wakavu aliokuwa amewaweka kwa ajili ya mwisho wa mwezi, wale samaki wadogo wanaotoka Uvira kwa magunia. Akawatwanga wakawa unga, akawamwaga wote.

Harufu ya ndagala ilijaa nyumba. Ilikuwa harufu ambayo kila mtu wa Bukavu aliijua tangu utoto, harufu ya nyumbani, ya jioni, ya njaa inayokaribia kuisha. Hakuna pua ambayo ingeiuliza maswali. Madeleine alifunika kipande cha mwisho kwa mchuzi huo, akangoja upoe kabisa, akanusa.

"Hii," alisema.

"Hauisikie?"

"Nasikia ndagala. Samaki moja inanuka, ingine inanuka juu yake, mutu anasikia ile anayoijua." Alijaribu kucheka. "Nimefanya akili ya shetani, Papa Sophie."

Kisha alitoka nje, akashika ukuta, akatapika. Gérard alimletea maji. Alisukutua, akapangusa mdomo, akabaki ameegemea ukuta akitazama ziwa, ambalo siku ile lilikuwa tulivu na la buluu mpaka upande wa Rwanda.

"Sophie amalize mwaka wake hapa," alisema. "Na huyu azaliwe hapa. Kisha tutaomba Mungu masamaha, sisi wawili. Nitapika mwenyewe, wewe huwezi kutwanga ndagala vizuri."

*

Wakubwa walichelewa, kama alivyosema. Meza zilikuwa zimepangwa barazani, picha ya Mkubwa wa Nchi imetundikwa mahali palipokuwa na saa ya Mgiriki. Walikuja na magari, wanaume waliovaa abakosti na wanawake waliovaa vitenge vyenye picha ileile ya ukutani, wakanywa bia, wakanywa wiski, wakatembea chumba hadi chumba. Mmoja aliketi kwenye kiti, akainuka, akakigeuza kutazama miguu yake. Mwingine alifungua mlango wa jiko la gesi na kuufunga tena, akasikiliza jinsi ulivyolia. Gérard aliwaona na hakuelewa. Alidhani wanapenda mgahawa.

Madeleine alivaa kitambaa cheupe kiunoni akabeba sahani. Lwaboshi alikuwa amesema mama mmoja mwenye heshima ahudumie, ionekane ya kwetu. Samaki waliwekwa katikati kwenye sinia kubwa, wamefunikwa kwa mchuzi mwekundu, na kamba wamepangwa pembeni wakiwa na miguu yao yote. Mchuzi mwingine uliwekwa ndani ya mabakuli, karibu na bugali na mbuzi wa kuchoma.

Lwaboshi alisimama akasema maneno kuhusu bahari, taifa na uhuru wa tumbo. Watu walipiga makofi. Hapo mgeni mkubwa kuliko wote, mzee mnene wa chama ambaye sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake, aliinua kidole.

"Citoyen Lwaboshi, umesema authenticité. Basi tufanye vile bababu betu walifanya. Mwenye kuleta chakula aonje."

Ilikuwa desturi ya zamani, ya makabila ya Washi na Wahavu, na watu waliifuata hata kwenye vilabu vya kasiksi, pombe ya ndizi: aliyeleta mtungi hunywa wa kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Gérard alikuwa ameitarajia. Alikuwa amejiandaa usiku kucha. Angekata tonge la bugali, angelichovya kwenye bakuli la mchuzi, angemeza na kuinama, na nani angemwambia kitu. Alipiga hatua mbele akipangusa mikono.

"Hapana wewe, mupishi," yule mzee alisema. "Mupishi anajua mahali amepita. Mama. Mama aonje."

Watu walicheka. Madeleine alikuwa bado amesimama karibu na sinia.

"Karibu, mama," mzee alisema kwa upole. "Usiogope, hatukuli wewe."

Madeleine alikata tonge, akaunyosha mkono kuelekea bakuli.

"Ile iko muchuzi," mwanamke mmoja alisema kutoka mwisho wa meza. "Aonje samaki. Muchuzi tunaijua."

Mkono wake ukasimama hewani. Hakumtazama mumewe. Kama angemtazama, meza nzima ingeona alichokuwa akitazama. Gérard alikuwa mlangoni na kitambaa mikononi, na maneno yalikuwepo mdomoni mwake, machache, mtoto angeweza kuyasema: mwacheni, yuko na mimba, nitakula mimi. Aliyahisi juu ya ulimi. Aliona pia bwayeri, na kitanda, na daftari za Sophie dirishani, na vyote vilikuwa vimesimama nyuma ya maneno yale, tayari kuanguka.

Madeleine alivunja kipande cha samaki, kikubwa, kwa maana kipande kidogo kingetiliwa shaka. Akakitia mdomoni. Alitafuna kama anavyotafuna mtu anayekula chakula chake mwenyewe. Alimeza, akachukua kipande cha pili bila kuambiwa, akakila pia.

"Iko tamu?" mzee aliuliza.

"Iko tamu, papa."

Makofi yakapigwa. Mzee alichukua kamba mmoja kwa ncha za vidole, akamwinua mbele ya uso wake. Alitazama macho yake meusi, ndevu zake, miguu yake mingi.

"Hii mududu inatembea wapi?" aliuliza.

"Chini ya bahari, Citoyen," Lwaboshi alijibu.

"Ibaki huko." Alimrudisha kwenye sinia. "Mimi ni mutoto wa Kabare, sisi ni batu ba ng'ombe. Nipeni mbuzi. Lakini hii muchuzi, leteni hapa."

Na wote wakafanya kama yeye. Walikata bugali, wakachovya kwenye mabakuli, wakala mbuzi, wakalamba vidole, wakasema hawajawahi kula mchuzi kama ule. Mwanamke wa mwisho wa meza aliomba Madeleine amwelekeze jinsi ya kuupika. Sinia la samaki lilizungushwa mara moja kwa heshima, likarudi katikati jinsi lilivyoondoka, na sehemu moja tu iliyovunjwa, upande aliosimama Madeleine.

*

Walipoondoka, Gérard hakuweza kuwatupa samaki jaani, kwa kuwa watoto wa mlimani hushuka kutafuta chakula jaani. Alichimba shimo nyuma ya migomba akawazika, akashindilia udongo kwa miguu. Alipogeuka aliona Madeleine amekaa chini mlangoni pa bwayeri. Uso wake ulikuwa mwekundu kama aliyepigwa makofi.

"Nasikia moto," alisema. "Mu kichwa na mu tumbo."

Alitapika jioni yote, na asubuhi hakuweza kusimama. Gérard na jirani walimbeba kwenye kiti hadi dispensari. Muuguzi, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Constance, alimshika mkono, akamtazama macho, akamgeukia Gérard.

"Alikula nini?"

Nje, kwenye benchi, walikaa watu wengine wakisikiliza, kwa kuwa hakukuwa na mlango, pazia tu. Kusema alichokula mkewe kulikuwa kusema nini kiliwekwa mbele ya wakubwa wa chama, na nani alikipika. Watu walikuwa wamekwenda gerezani kwa kusahau kuvua kofia mbele ya bendera.

"Bugali," Gérard alisema.

"Bugali tu?"

"Na muchuzi."

"Muchuzi ya nini, papa? Nisaidie nimusaidie."

"Muchuzi tu," Gérard alisema. "Ya mawese."

Madeleine alifumbua macho akamtazama, akayafumba tena. Constance alingoja kidogo, kwani alikuwa amezoea wanaume wanaosema uongo mbele ya vitanda, kisha akaandika homa, akampa vidonge vya homa na maji ya chumvi na sukari.

Siku ya pili mimba ilitoka. Alikuwa mtoto wa kiume. Constance alimfunga ndani ya kitambaa safi, akampa Gérard, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba padri anaweza kuombwa hata kwa huyu.

*

Aliporudi La Botte kuchukua blanketi, Gérard alikuta lori uani. Vijana walikuwa wakishuka ngazi za baraza wakiwa wamebeba meza. Kongelateri ilikuwa tayari juu ya lori, imelazwa ubavu, na maji yakichuruzika. Jiko la gesi lilikuwa limefungwa kamba. Alimkumbuka yule mgeni aliyekuwa akisikiliza mlango wake, na yule aliyegeuza kiti, na akaelewa kwamba watu wale hawakuja kula.

Lwaboshi alikuwa kivulini, akionyesha kwa kidole hiki kiende kwa nani.

"Citoyen Mugaruka. Karamu ilipita muzuri sana. Banasifu muchuzi mpaka leo."

"Na mugahawa, Patron?"

"Mugahawa iko kazi mingi. Samaki, umeme, bapishi, kila siku maneno. Nitaweka depo ya bia. Bia haiozi."

"Mulisema nikifanya muzuri, nitabaki."

"Na ulifanya muzuri. Nani anakataa? Ningekuwa na jiko ningekuweka." Lwaboshi alimtazama kwa macho ambayo karibu yalikuwa na huruma. "Mulinzi wa depo atalala mu bwayeri. Munaweza kukaa mpaka mwisho wa wiki. Nilisikia mama iko mugonjwa. Alikula nini?"

Gérard alitazama migomba nyuma ya nyumba, ambako udongo ulikuwa bado mpya.

"Homa tu, Patron," alisema.

"Pole sana. Umusalimie. Umwambie ile muchuzi ilikuwa kitu."

*

Hawakurudi Cimpunda, nyumba yao ya zamani ilikuwa na watu wengine. Walipanda boti ya wafanyabiashara wa ndizi kwenda Idjwi, wakiwa na mafurushi, sufuria na begi la shule la Sophie. Gérard alimwahidi binti yake kwamba Idjwi pia iko shule. Iko, Sophie alisema, lakini iko mbali na haina masista. Alisema bila kulalamika, akitazama nyuma kwenye mji uliokuwa ukipungua, na Gérard alitamani angelalamika.

Mama yake Madeleine, Adélaïde, aliwapokea bila maswali mengi. Alikuwa mjane aliyeishi karibu na maji, na ndugu zake walikuwa wavuvi. Aliona jinsi binti yake alivyokonda, akaona tumbo lililokuwa tambarare, akaweka mkono juu ya kichwa chake muda mrefu. Kisha akatuma neno ufukoni.

Kabla jua halijatua, mjomba mmoja alileta tilapia mkubwa ndani ya kikapu. Mashavu yake yalikuwa bado yakifunguka na kufungika. Adélaïde aliweka maji na chumvi kwenye mafiga, akaketi kuosha mikono.

"Nipe miye nipike," Madeleine alisema.

"Pumzika, mwanangu."

"Nipe."

Mama yake alimwachia. Ilikuwa vizuri, alifikiri, mwanamke anayetaka kupika anaanza kupona. Aliingia ndani kumtandikia Sophie mkeka. Gérard alibaki mlangoni. Alimwona mkewe akimsafisha samaki polepole, akimnusa kwenye mashavu. Akamnusa tumboni. Akamwosha tena, akamnusa tena. Alimkata vipande, akavinusa kimoja kimoja. Halafu alifungua furushi lake, akatoa chupa ya mawese iliyobaki, na pilipili, na kitambaa kilichofungwa ambacho ndani yake mlikuwa na vumbi la ndagala.

Adélaïde alitoka harufu ilipomfikia. Alitazama sufuria, mchuzi mwekundu unatokota, samaki haonekani. Alimtazama binti yake, kisha mkwewe.

"Madeleine," alisema, "hii samaki ilikuwa inapumua. Mbona unamufunika?"

Madeleine aliendelea kukoroga. Aliongeza pilipili, akainamisha uso juu ya mvuke, akavuta pumzi ndefu, akitafuta.

"Nasikia bado," alisema. "Papa Sophie, kuja unuse. Hauisikie?"

Gérard alikuja akapiga magoti kando yake. Alinusa. Palikuwa na mawese, na ndagala, na chini yake samaki mzima, mtamu, wa ziwa, asiye na kosa lolote.

"Naisikia," alisema, na akamsogezea pilipili.